India ina majimbo mangapi? Inategemea umeuliza lini

Leo siandiki kuhusu lugha mpya ya programu wala simu mpya iliyoingia sokoni. Naandika kuhusu maswali ya chemshabongo, hasa yale yanayohusu India. Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikipitia mamia ya maswali hayo ili yaingie kwenye programu ya simu ninayomjengea mteja. Utamaduni, muziki, vyakula, matukio ya miaka ya karibuni, yote yamo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: swali la chemshabongo ambalo halina tarehe wala halionyeshi nani kasema ni msimbo mbovu, hata kama jibu lake linaonekana sahihi leo.

Hebu tuanze na swali ambalo hukosi kulikuta: India ina majimbo mangapi? Mkusanyiko niliopewa unasema 29. Jibu hilo lilikuwa sahihi kuanzia tarehe 2 Juni 2014, Telangana ilipotenganishwa na Andhra Pradesh, hadi tarehe 31 Oktoba 2019, Jammu na Kashmir ilipoondolewa hadhi ya jimbo na kugawanywa kuwa maeneo mawili yaliyo chini ya serikali kuu. Hapo majimbo yakabaki 28. Maeneo ya serikali kuu nayo yalikuwa 7, yakawa 9, kisha tarehe 26 Januari 2020 mawili yakaunganishwa, yakawa 8.

Yeyote aliyewahi kurithi programu iliyoandikwa na mtu mwingine anaujua ugonjwa huu. Mtu anaandika namba ndani ya msimbo kana kwamba haitabadilika milele, halafu anaondoka. Programu inaendelea kufanya kazi, haitoi onyo lolote, na kila siku inawaambia watu uongo kwa upole kabisa. Hitilafu inayoangusha programu ni afadhali, maana utaiona. Hii haionekani.

Lakini majibu yaliyopitwa na wakati si tatizo kubwa zaidi. Baya kuliko hilo ni majibu ambayo hayajawahi kuwa kweli. Lugha ya taifa ya India ni ipi? Karibu kila mkusanyiko utakwambia Kihindi. Katiba ya India haina lugha ya taifa. Kifungu cha 343 kinakitaja Kihindi kuwa lugha rasmi ya serikali kuu, na Kiingereza kinaendelea kutumika kwa sheria ya 1963. Jedwali la Nane la katiba linaorodhesha lugha 22. Tofauti ya "lugha rasmi" na "lugha ya taifa" si ya wanasheria peke yao. Mwaka 1965 watu walikufa katika maandamano jimboni Madras, ambalo leo ni Tamil Nadu, wakipinga Kihindi kuwa lugha rasmi ya pekee. Kumpa alama mchezaji aliyejibu "Kihindi" ni kuegemea upande mmoja wa ugomvi huo bila hata kujua kwamba kuna ugomvi.

Mchezo wa taifa je? Vitabu vingi vinasema ni mpira wa magongo, na ni rahisi kuona kwa nini: India ilishinda dhahabu ya Olimpiki mara 6 mfululizo kuanzia 1928 hadi 1956, kisha 1964 na 1980. Ila mwaka 2012 mwanafunzi wa shule aliiandikia serikali kwa kutumia sheria ya haki ya kupata habari, na wizara ya michezo ikamjibu kwamba hakuna mchezo wowote uliotangazwa kuwa wa taifa. Mtoto mmoja aliuliza "mmeitoa wapi?" na jibu la miaka nenda miaka rudi likayeyuka. Huo ndio ukaguzi wa msimbo jamani!

Kundi la tatu ni maswali yenye majibu mawili, yote halali. Rasgulla, ile tamutamu ya mviringo ya maziwa yaliyogandishwa inayoelea kwenye shira, asili yake ni wapi? Bengal Magharibi na Odisha zimeligombania jambo hili kwa miaka. Novemba 2017 Bengal Magharibi ilipata utambulisho wa kijiografia kwa aina yake, na Julai 2019 Odisha nayo ikapata kwa aina yake. Kisheria ni vyakula viwili tofauti vyenye jina linalofanana. Lakini jedwali la maswali lina safu moja tu ya "jibu sahihi". Aliyelibuni aliamua kabla ya kujua chochote kwamba dunia haina mambo ya aina hii.

Kundi la nne ndilo linalonikera zaidi, nalo ni jumla zisizofaa. "Wahindi hawali nyama: kweli au si kweli?" Utafiti wa shirika la Pew uliotolewa 2021 ulikuta kwamba asilimia 39 ya watu wazima India walijitaja kuwa hawali nyama kabisa. Ni watu wengi mno, lakini si wengi kuliko waliobaki. Ukienda Kerala au Bengal Magharibi, samaki ni chakula cha kila siku. Au chukua muziki. Wimbo "Naatu Naatu" wa filamu ya RRR ulishinda Oscar ya wimbo bora Machi 2023, na mkusanyiko wangu unauita wimbo wa Bollywood. Bollywood ni sinema ya Kihindi ya Mumbai. Wimbo ule ni wa Kitelugu, na filamu yenyewe ni ya Kitelugu, kutoka kusini. Kuuita wa Bollywood ni kama mtu kuchukua bongo flava na kuiita benga kwa kuwa zote zinatoka Afrika Mashariki. Sisi tungekasirika.

Najua kuna msomaji anayesema: kaka, huu ni mchezo tu, watu wanapitisha muda ndani ya matatu. Nakubali nusu. Lakini India yenyewe haijawahi kuuchukulia kama mchezo tu. Kipindi cha Kaun Banega Crorepati kilianza Julai 2000 kikiendeshwa na Amitabh Bachchan, na maswali ya aina hii yakawa mlango wa utajiri sebuleni kwa mamilioni ya watu. Zaidi ya hapo, maarifa ya jumla ni sehemu ya mitihani ya ajira za serikali. Katika mtihani wa mchujo wa utumishi wa umma wa India, jibu lisilo sahihi hukatwa theluthi moja ya alama za swali hilo. Watu hutumia miaka ya ujana wao wakijiandaa. Wengine hukariri kutoka kwenye mikusanyiko kama huu niliopewa mimi, iliyonakiliwa kutoka mikusanyiko mingine, ambayo nayo ilinakiliwa. Kwao, 29 badala ya 28 si utani.

Na hapa kwetu Kenya pia si utani. Tumeishi na watu wenye asili ya India kwa vizazi, na wengi wetu tunawajua kwa mambo matatu: reli, duka na filamu. Chukua hilo la reli. Ni kweli kwamba takriban vibarua 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Lakini wengi wao walirudi kwao baada ya kazi. Familia nyingi zilizoko leo zilikuja kwa njia nyingine, hasa biashara. Na neno letu "Wahindi" linawabeba kwa pamoja Wagujarati, Wapunjabi, Wagoa, Wakutchi na wengine. Mwenzangu mmoja kazini, ambaye familia yake ni ya Mombasa, aliona lile swali la lugha ya taifa kwenye kioo changu akacheka: "Sisi nyumbani ni Kikutchi na Kiswahili. Kihindi nimekijulia kwenye filamu, kama wewe." Makhan Singh, aliyefungwa kizuizini kuanzia 1950 hadi 1961 kwa kudai uhuru na haki za wafanyakazi wa nchi hii, alikuwa Mpunjabi. Pio Gama Pinto, aliyeuawa Nairobi Februari 1965, alikuwa wa asili ya Goa, mahali palipokuwa koloni la Ureno hadi Desemba 1961. Mwaka 2017 serikali ilipotangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44, wengi wetu hatukuweza kutaja hata lugha tatu wanazozungumza majirani zetu hao. Hatukukosa akili. Tulifundishwa India kama jibu moja la neno moja.

Basi tufanyeje? Mimi si wa kulalamika bila kuleta kiraka. Kwenye jedwali la maswali nimependekeza kuongeza safu nne. Ya kwanza: tarehe ambayo jibu lilianza kuwa sahihi. Ya pili: tarehe ambayo lilikoma, kama lilikoma. Ya tatu: nani kasema, yaani katiba, sensa, wizara au mwanahistoria. Ya nne: majibu mengine yanayokubalika. Swali ambalo halina chanzo haliingii, hata liwe tamu namna gani. Swali ambalo tarehe yake imepita halifutwi. Linageuzwa tu kuwa swali la historia: "Mwaka 2016 India ilikuwa na majimbo mangapi?" Hapo 29 inarudi kuwa jibu sahihi na hakuna aliyepoteza kitu.

Mteja hajafurahi. Anasema wachezaji hawataki kusoma insha, wanataka kubonyeza kitufe na kuona rangi ya kijani. Tena kukagua maswali ni gharama. Mamia hayo yanaweza kupungua hadi nusu. Hoja ya gharama naiheshimu, maana mimi pia nalipwa kwa saa. Ila ya insha siikubali. Mtu hahitaji insha, anahitaji mstari mmoja baada ya jibu. Na mstari huo ndio anaobaki nao. Kujua kwamba jibu ni B hakukupi cha kusimulia jioni.

Msinione mtu wa nadharia tu. Haya hapa maswali matano niliyoyarekebisha kwa mtindo huo. Jipime.

1. Chombo cha Chandrayaan-3 kilitua mwezini lini, na wapi hasa? Jibu: tarehe 23 Agosti 2023, karibu na latitudo 69 kusini. India ikawa nchi ya 4 kutua salama mwezini na ya kwanza kutua karibu na ncha ya kusini. Sema "karibu na", kwa sababu ncha yenyewe iko kwenye 90.

2. Nani alitunga wimbo wa taifa wa India, na ni nchi gani nyingine inayotumia wimbo wake? Jibu: Rabindranath Tagore. Bangladesh nayo inatumia wimbo wake. Tagore alipata Nobel ya fasihi mwaka 1913, akiwa wa kwanza kutoka nje ya Ulaya kuipata tuzo hiyo.

3. Ni kwa msingi gani ilisemwa mwaka 2023 kwamba India imeipita China kwa idadi ya watu? Jibu: makadirio ya Umoja wa Mataifa. Haikuwa sensa, kwani sensa ya India iliyopaswa kufanyika 2021 ilikuwa imeahirishwa.

4. Pilipili, viazi na nyanya viliingia vipi kwenye mapishi ya India? Jibu: vilitoka bara la Amerika, na Wareno walihusika sana kuvieneza kuanzia karne ya 16. Vasco da Gama alifika Calicut Mei 1498 akitokea Malindi, akiongozwa na rubani aliyempata hapo. Mikusanyiko mingi inamtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid. Wanahistoria wengi wa sasa hawaikubali hadithi hiyo. Kwa hiyo swali la "rubani alikuwa nani" nimelitoa.

5. Crore moja ni laki ngapi? Jibu: 100, maana crore ni 10,000,000. Na ndiyo, laki yetu ni ile ile lakh yao. Tukiwa hapo, pesa yetu inatokana na paisa, kwa hiyo kila unapotuma M-Pesa, iliyoanza 2007, unatamka neno la India bila kuombwa alama yoyote.

Swali la tano ndilo nilipendalo kuliko yote. Halimwambii Mkenya kwamba India ni nchi ya mbali yenye nyoka na majumba ya marumaru. Linamwonyesha kwamba imo mfukoni mwake, na dukani anapoagiza chapati, bajia na kachumbari. Chemshabongo nzuri ingetosha kufanya hivyo, kwa mstari mmoja tu, ilimradi mstari huo uwe wa kweli.

Mteja amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nimeshaziandika zile safu nne. Sasa nayakagua maswali moja baada ya jingine, na yale ya vyakula nimeyaacha mwisho, kwa sababu huko ndiko nchi nzima haijakubaliana, na sidhani kama ina haja ya kukubaliana.