Hadubini ya mtumba si chuma chakavu

Wewe mtumba waujua. Kule Kongowea unageuza suruali ndani nje, unavuta zipu, unakagua mshono, ndipo mkono unaingia mfukoni. Simu ya mtumba huichukui kabla ya kuchunguza betri. Lakini nikikwambia ununue hadubini ya mtumba, unacheka. "Maikroskopu? Ya nini, bro?"

Ngoja basi. Pwani hii homa ikikubana unaenda kupimwa malaria. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtu apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Kuna vile vipimo vya haraka, na vimesaidia sana, lakini baadhi yake huendelea kuonyesha una malaria wiki kadhaa baada ya kupona. Anayehesabu vimelea kwenye tone la damu, akajua kama dawa inafanya kazi, ni mtu aliyeketi mbele ya hadubini. Ikiharibika, hesabu hiyo haipo.

Na zinaharibika. Mji wetu ni kisiwa. Joto, chumvi na unyevunyevu havina huruma. Kuvu huota kwenye lenzi kama utando wa buibui, grisi hugeuka gundi, skrubu hushika kutu. Halafu mtu anaandika "mbovu", kifaa kinaingia stoo, basi. Chuo nilichokiacha mwaka wa pili (sikitaji) kilikuwa na kabati zima la hadubini za namna hiyo. Sisi tulichora seli kutoka kwa picha ya kitabu.

Nyingi za aina hiyo hazijafa. Gurudumu la kusogezea lenzi likiwa gumu, mara nyingi ni grisi kuukuu tu: fungua, safisha kwa mafuta ya taa bila kugusa vioo, paka mpya. Balbu yake haipatikani tena? Weka taa ya LED. Fundi wa simu mwenye bisibisi ndogo na subira anaiweza kazi hii, na masonara na mafundi saa wa Mji wa Kale wana mikono ya kutushinda sote. Ukipata ya zamani zaidi, yenye kioo cha kumulikia badala ya balbu, usiidharau. Stima ikipotea, yenyewe inaendelea. Ila kioo hicho usikielekeze kwenye jua lenyewe, utaunguza jicho. Mwanga wa anga unatosha.

Kwenye kununua, usichanganywe na za plastiki zinazojigamba kukuza mara 1,200. Soma maandishi ya ubavuni mwa lenzi. "100/1.25" maana yake lenzi inakuza mara 100, na 1.25 ndiyo uwezo wake wa kutenganisha vitu vidogo. Zidisha namba hiyo ya pili kwa 1,000, hapo ndipo kikomo cha ukuzaji wenye maana. Ukipita hapo unapata picha kubwa isiyoonyesha jipya. "160" ni urefu wa bomba kwa milimita. Kampuni nyingi zilitumia kipimo hicho kwa miaka mingi, na lenzi nyingi za wakati huo zilifungwa kwa skrubu za saizi moja. Ndio maana mbili mbovu zaweza kukupa moja nzima. Chomoa lenzi, igeuze, itazame dhidi ya mwanga. Kuvu changa ya juu yafutika. Kama imeshakula kioo, au gundi ya kati ya vioo imeingia weupe, achana nayo hata ukipewa bure.

Na usiniambie kitu kuukuu hakifanyi makubwa. Agosti 1897, kule Secunderabad, India, Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu kwa hadubini iliyoshika kutu ya jasho lake mwenyewe, na lenzi ya kutazamia aliyobakiwa nayo ilikuwa na ufa. Wala usiniambie lazima digrii. Antonie van Leeuwenhoek, aliyeeleza habari za bakteria miaka ya 1670, alikuwa muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi. Chuo kikuu hakukanyaga. Mfikirie mwenye duka la leso Biashara Street anayetengeneza lenzi usiku.

Sasa kwa wakubwa. Sheria ya 2015 ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma hailazimishi kifaa kilichochoka kipigwe mnada. Inaruhusu pia kihamishiwe taasisi nyingine ya umma, hata bila malipo. Sisemi ya kutengenezewa barazani irudi kupima wagonjwa, hiyo ni ya mhandisi wa vifaa vya hospitali. Lakini darasa la biolojia la shule ya umma linaifurahia. Na asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tunapigania za kuuza karatasi na kupika chai. Za kutengeneza vifaa vya maabara nani ameziulizia? Kaunti nayo izitangaze kwa mafungu madogo, kikundi cha vijana watano kiweze kubeba.

Ukishaipata yako, usiifungie kwenye sanduku la mbao wala mkoba wa ngozi, vinafuga unyevu. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe mara kwa mara. Mama akiidai ndoo yake, mnunulie nyingine.