Acheni kusingizia mkono wa mtu, droni iliwaambia inarudi nyumbani mkaikatalia

Wadau, leo hakuna nani kaachana na nani. Kaeni vizuri, kuna watu nataka kuwapa za uso, na wengine mtajijua wenyewe bila kutajwa.

Klipu mmeiona, imezunguka kwenye magrupu wikiendi nzima. Harusi ya kifahari, bustanini, pembeni ya bahari, Dar hii hii. Bibi harusi anaingia, shela linaburuzwa, MC anapiga kelele "simameni, simameni", droni iko juu inakula shoti. Ghafla inaanza kushuka yenyewe. Kijana wa rimoti anahangaika, wapi. Inashuka mpaka meza ya mashangazi, mapanga yanazunguka, glasi zinaruka. Shangazi mmoja katoka na mkono unavuja damu. Katoto kalikokuwa kamepakatwa pale pale kamepona kwa sababu mtu aliwahi kuinua kiti kukinga.

Kesho yake bwana harusi, ambaye ni jina kubwa kidogo kwenye burudani (jina kapuni), kaandika: "Wabaya wameingia kazini ila Mungu fundi." Chini yake maoni kibao. Pole kaka. Husda hiyo. Mkono wa mtu huo.

Mkono wa mtu upo kweli. Ni kidole gumba cha aliyebonyeza "ghairi".

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo watu wanapodanganyana. Droni za siku hizi hazifi kimya kimya. Betri ikifika kiwango kilichosetiwa, mara nyingi asilimia 20 au 30, rimoti inalia. Na zaidi ya kulia, droni inapiga hesabu yake: nimefika mbali kiasi gani, chaji iliyobaki inanifikisha nilikotoka au hainifikishi? Ikiona imebaki ya kurudi tu, inaleta ujumbe kwenye skrini, inahesabu sekunde chache, usipoikatalia inageuka yenyewe kurudi. Ukiikatalia inakutii, ni mashine, haina kiburi. Ila betri ikiendelea kushuka mpaka kwenye hatari yenyewe, kwa modeli nyingi ni karibu asilimia 10, mazungumzo yameisha. Inatua palepale ilipo. Chini kuwe na nyasi, kuwe na bahari, kuwe na meza ya mashangazi, yenyewe inatafuta ardhi.

Kwa hiyo ile "imeshuka yenyewe" si jini. Ni kengele ya mwisho, baada ya kengele ya kwanza na ya pili kuzimwa ili bibi harusi apigwe shoti ya mwisho. Shoti ya mwisho ambayo huwa haiishi.

Na msinijie na "lakini imeandikwa inakaa hewani dakika 46". Hiyo ni Mavic 3, na hizo dakika 46 mtengenezaji kazipima kusiko na upepo, mpaka betri ikasoma sifuri. Nani kati yenu anarusha juu ya wageni 400 mpaka sifuri? Halafu weka upepo wa kusi. Umerushia Kunduchi, umeelekea kaskazini ukiwa na upepo mgongoni, droni inakimbia kama swala, unajiona fundi. Kurudi sasa ni kupambana na upepo ule ule usoni, betri inaliwa kama karanga. Umetumia nusu ya chaji kwenda, ukadhani nusu iliyobaki ni ya kurudi. Si ya kurudi hiyo. Ni ya kufika nusu ya njia.

Bado hatujasema betri zenyewe. Betri iliyovimba kama andazi, iliyoachwa kwenye gari juani mchana kutwa, inaweza kukusomea asilimia 35 halafu ukipandisha kwa nguvu ikaporomoka mbele ya macho yako. Betri ikivimba ni ya kuacha, haijalishi iligharimu shilingi ngapi.

Twende kwa "mkono wa mtu" wa pili. Huu ni wa msafara. Kuna video ya staa mmoja wa kike, jina kapuni pia, magari manane, yeye kasimama juu ya gari la wazi. Droni ikarushwa pale walipoanzia, nje ya kanisa moja, halafu kijana wa droni akapanda gari mojawapo akawa anaiendesha huku msafara unatembea. Kufika mbele, majengo yakaziba, mawasiliano ya rimoti na droni yakakatika. Droni ikageuka, ikaondoka zake. Watu wakasema imeibiwa kwa mitambo, wengine wakasema staa mwenzie kamfanyia umafia. Kumbe imerudi nyumbani! Nyumbani kwake ni pale ilipopaa, nje ya kanisa. Sehemu hiyo iliandikwa kwenye kumbukumbu yake wakati wa kuruka, GPS ikishakaa sawa, na hakuna aliyeibadilisha. Ikaenda kutua kule, wapo watoto wanacheza, hakuna hata mtu mmoja wa kuwaambia sogeeni.

Hapa kijana wa droni usinikasirikie, nakuuliza tu. Unajua kwamba hiyo "nyumbani" unaweza kuihamisha ukiwa hewani? Ipo kwenye setingi. Na ninyi wa Zanzibar mnaorusha mkiwa kwenye boti, mmeshawahi kufikiria kwamba boti ikisogea, "nyumbani" imebaki baharini? Droni itarudi kwa uaminifu kabisa mpaka juu ya maji, itatua, itazama, halafu mtasema Chumbe kuna mashetani.

Mkono wa mtu wa tatu, mfupi. Droni imepoteza mawasiliano, imeanza kurudi, ikajipeleka yenyewe kwenye mnazi. "Yaani bro, ilikuwa inaenda vizuri ikajigonga!" Ilijigonga kwa sababu urefu wa kurudi uliachwa mita 30 na pale kuna mnazi, kuna mnara wa simu, kuna ghorofa. Droni ikianza kurudi huwa inapanda kwanza mpaka urefu uliousetia, halafu inanyoosha mstari. Ukiuseti chini ya kilichopo njiani, umeituma ikagonge. Na urefu huo unahesabiwa kuanzia pale iliporukia. Wale wa Mwanza mnaorushia chini ya kilima halafu mnaipeleka nyuma ya kilima, mita zenu 30 ni mawe matupu.

Mtasema "ina vihisi, inaona vizuizi". Inaona mchana, vitu vinene. Waya wa umeme haiuoni vizuri, na usiku nyingi haziioni chochote cha maana. Sherehe zenu zinaanza saa ngapi? Saa mbili usiku, ambayo kwa Bongo ni saa nne. Nimemaliza.

Sasa tuongee ukweli, nani mwenye kosa? Wengi watamrukia kijana wa droni. Mimi simtetei sana, aliyeshika rimoti ndiye rubani. Lakini tumwangalie na bosi wake.

Kamati inakaa vikao vya miezi mitatu. Mapambo yanajadiliwa, keki inajadiliwa, sare za wasimamizi zinajadiliwa mpaka watu wananuniana. Ikifika kwa kijana wa droni: "dogo, tufanyie bei ya kiswahili." Anakatwa bei mpaka mfupa. Matokeo yake anakuja na betri moja, au mbili na ya pili ndo hiyo iliyovimba. Mara nyingi hata droni si yake, kaikodi kwa siku. Ikiharibika deni ni lake, na deni la droni kijana wa mtaani analilipa mwaka mzima.

Halafu ukumbini ana mabosi sita. MC anamwambia usishushe. Msimamizi anamwambia zungusha tena. Bwana harusi kamlipa, anataka ile shoti aliyoiona kwa staa wa Lagos. Rimoti inalia piii piii piii, yeye anaona aibu, anabonyeza ghairi. Mara ya kwanza inapona. Mara ya pili inapona. Ndiyo ubaya wake huo, inapona mara nyingi mpaka anadhani kengele ni mapambo.

Na mastaa wetu ndio mnaoharibu zaidi, kwa sababu mnaigwa. Mnapenda ile ya droni inakuja mpaka usoni, mnaikamata kwa mkono, mashabiki wanalia. Enrique Iglesias alikuwa na mtindo wa kuikamata droni kwenye shoo zake, mpaka siku moja ya Mei 2015, Tijuana, Mexico, mapanga yakamkata vidole mbele ya mashabiki. Akaendelea kuimba akiwa na bandeji, shati lina damu, baadaye akafanyiwa upasuaji. Yule ni mtu mzima aliyejitakia mwenyewe. Shangazi wa meza namba 14 hakujitakia. Yeye alikuja na zawadi ya vyombo.

Desemba mwaka huo huo, kule Madonna di Campiglio, Italia, mashindano ya kuteleza kwenye theluji, droni ya kamera iliporomoka nyuma kabisa ya mgongo wa Marcel Hirscher akiwa kwenye mbio. Ilimkosa padogo sana. Shirikisho la mchezo huo halikuandika "Mungu fundi". Lilipiga marufuku droni za kamera kwenye mashindano yake. Mimi sisemi harusini zipigwe marufuku, zinapendeza, na kuna vijana wanakula kwa kazi hiyo. Nasema tofauti yetu na wao ni kwamba wao walitafuta cha kubadilisha, sisi tunatafuta wa kumnyooshea kidole.

Najua mtu atakuja na "sisi tulikuwa na kibali". Vizuri, kibali ni lazima, mamlaka ya usafiri wa anga hawatanii na wizara ya ulinzi ndo kabisa. Lakini kibali hakichaji betri. Kibali hakipandishi urefu wa kurudi juu ya mnazi. Ukiwa na leseni ya gari bado breki unakanyaga mwenyewe.

Kwa hiyo kamati, kabla hamjampa kijana kianzio, muulizeni maswali manne. Mkiona anababaika, tafuteni mwingine.

Moja, una betri ngapi nzima? Chini ya tatu kwa sherehe ndefu, ongezeni hela au punguzeni matarajio.

Mbili, "nyumbani" umeiweka wapi? Iwe sehemu ya wazi, pembeni ya watu, isiwe chini ya mti wala turubai, na awepo mtu wa kuilinda isivamiwe na watoto.

Tatu, urefu wa kurudi umeseti mita ngapi? Aangalie kitu kirefu kuliko vyote eneo hilo, aongeze juu yake, bila kuvuka ukomo wa sheria, ambao kwa nchi nyingi ni mita 120.

Nne, mawasiliano yakikatika itafanya nini? Modeli nyingi zinakupa kuchagua: irudi, ielee hapo hapo, au itue. Uwanja wa wazi, irudi. Chini ya miti au ndani ya ukumbi, kurudi maana yake kupanda, na kupanda ni kugonga tawi au dari, kwa hiyo heri ielee. Juu ya maji, ukichagua itue umeitoa sadaka.

Halafu ongezeni sharti moja la kwenu: rimoti ikilia, hakuna MC, hakuna bwana harusi, hakuna staa mwenye amri tena. Kijana anaishusha, anabadilisha betri, dakika mbili, anapaa upya. Bibi harusi anaweza kusubiri dakika mbili. Mlimsubiri saluni saa tano.

Na wewe staa wa "wabaya wameingia kazini", futa ile posti. Badala yake nenda kamjulie hali yule shangazi, lipa hospitali, na lile deni la droni usimwachie yule dogo peke yake, kwa sababu kwenye klipu tumekusikia, sauti ni yako kabisa: "usishushe kwanza, bado moja."

Haya, povu ruksa. Vijana wa droni, niambieni kengele yenu mmeiseti asilimia ngapi, na mara ya mwisho kuikatalia ilikuwa lini. Msidanganye.