Ugonjwa wa Mtoto Si Kosa la Mama



Wapendwa wanaparokia, katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua kama dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Sisi bado tunauliza. Mtoto akigundulika kuwa na selimundu, ukoo humgeukia mama na kumshutumu kwamba ameleta damu mbaya.

Elimu ya urithi inakanusha shutuma hiyo. Msingi wake uliwekwa na mtawa wa Shirika la Mtakatifu Agustino, Gregor Mendel, aliyefanya majaribio ya njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno kuanzia mwaka 1856 hadi 1863. Alipochanganya njegere za maua ya zambarau na za maua meupe, weupe ulitoweka katika kizazi cha kwanza, kisha ukarudi katika kizazi cha pili kwa takriban mmea 1 kati ya 4. Haukuwa umepotea, ulijificha.

Ndivyo ilivyo selimundu. Katika urithi huo kila mtu hupokea chembe mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye moja tu yenye hitilafu kwa kawaida huwa mzima, wala hajijui. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Ni kila mimba: wa kwanza akiugua, haina maana kwamba watatu wanaofuata wamesalimika. Basi mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anamwadhibu kwa jambo alilolichangia yeye mwenyewe sawasawa.

Kwa hiyo tunawasihi wachumba wapime damu mapema, kabla ya mahari na matangazo ya ndoa kanisani, wakiwa bado na utulivu wa kuamua. Majibu hayo si kizuizi cha ndoa katika sheria ya Kanisa, wala si ruhusa ya kutoa mimba. Yanawafanya waamue wakijua, na wakijaliwa mtoto mgonjwa, wamfikishe kliniki mapema.

Nasi tulio jirani, tuache kutafuta mkosaji. Tumsindikize mama huyo hospitalini, tuchangie damu. Huko ndiko kazi za Mungu zinakodhihirika.