KONA YA MWALIMU: Usiku Bila Kukimbia

Mwezi huu nawaletea habari za safari yetu ya Kigali. Tulikwenda na wanafunzi 12 kutazama nyota kwa darubini katika Chuo Kikuu cha Rwanda, pale Nyarugenge, palipoitwa KIST hadi 2013.

Kabla ya kutoka, mama mmoja alikataa kabisa. "Mwalimu, mtoto wa kike anatembea usiku kutafuta nini?" Sikumlaumu. Wengi wetu tulivuka mpaka usiku, tukiomba mwezi ujifiche tusionekane. Nikamwambia, "Basi mama, twende wote." Akapanda gari pamoja na sisi.

Uwanjani kulikuwa na foleni ndefu, watoto wa mjini na wa kwetu wamechanganyikana. Kwanza tuliona mwezi nusu. Wanachuo walitueleza kwamba nusu inaonyesha mengi kuliko mwezi mzima, maana mwanga unaupiga kwa ubavu, na milima na mashimo yake yanatoa vivuli. Halafu tukaona sayari Mshtarii na miezi yake minne, imejipanga mstari kama shanga. Galileo wa Italia aliiona mwaka 1610, na darubini yake ilikuwa ndogo tu.

Zamu ya mama ikafika. Akainama, akanyamaza, mpaka wa nyuma wakaanza kunung'unika. Alipoinuka alisema, "Kumbe mwezi ni ule ule wa Masisi."

Baadaye akatuonyesha kwa kidole kile kifungu cha nyota ndogo. Baba yake alikuwa anakitazama kabla ya kupanda maharage. Nikamwambia Waswahili wanakiita Kilimia, kutokana na kulima. Wanafunzi wakamzunguka na maswali. Usiku ule mwalimu alikuwa yeye, si mimi.

Kazi ya nyumbani ya mwezi huu ni ya familia nzima, na haihitaji darubini. Jioni isiyo na mawingu, kaeni mlangoni pamoja. Ile inayong'aa bila kumetameta, mara nyingi ni sayari. Wazazi, waambieni watoto nyota mlizoziita majina kule nyumbani. Wakiandika kwenye daftari, nitasoma yote darasani.

Onyo moja: jua lisitazamwe kamwe, kwa macho wala kwa darubini. Linapofusha.

Tuonane mwezi ujao.
Mwalimu wenu