KIOO CHA MASHINI NI CHA FUNDI, SI CHA OFISI



Yako maneno yanayosemwa katika ofisi za karakana, kwamba fundi asimamaye mbele ya mashini ya kompyuta hana haja ya kugusa mipango ya picha kwenye kioo chake. Ati hiyo ni kazi ya bwana aandikaye programu. Katika karakana moja, ambayo sitaitaja, mipango hiyo imefungwa kwa namba ya siri, na namba yenyewe huenda nyumbani saa kumi na moja jioni pamoja na mwenyewe. Zamu ya usiku huachiwa kioo kama picha ya ukutani.

Wenzetu wa njia na wa stesheni ambao hawajaziona mashini hizi nitawaeleza. Mashini ya kukereza ya kompyuta husoma programu mstari kwa mstari, ikakisogeza kisu yenyewe. Kabla ya kukata chuma, fundi aweza kuiamuru ichore njia ya kisu kwenye kioo. Katika mashini nyingi za Fanuc uko ukurasa wa kujaza: urefu wa chuma, kipenyo chake, katikati ya picha, ukubwa wa mchoro, na kama mchoro wa kwanza ufutwe au ubaki. Ukijaza urefu na kipenyo sawasawa, picha hukaa vizuri. Ukiacha hesabu za jana za chuma cha milimita 120, na leo umefunga cha 400, mistari hutoka nje ya kioo, na ile ya jana imelala juu yake kama utando wa buibui.

Hapo ndipo ndugu yetu mmoja aliponaswa. Programu ilitoka ofisini ikiwa na kosa la nukta: mahali pa -42.0 paliandikwa -420.0. Kama picha ingalipangwa, hata mtoto angaliona mstari ule ukipita mwisho wa kazi na kuingia kwenye chaki ishikayo chuma. Lakini mstari wa haki na mstari wa kosa yote ilitoka nje ya kioo, asijue upi ni upi. Namba hakuwa nayo. Kazi ilitakiwa asubuhi. Kisu kikagonga chaki, na mwisho wa mwezi mshahara wake ukakatwa. Mwandishi wa programu hakuulizwa neno.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameharibu kwa kukusudia. Kusudi gani hapa? Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mwenye mahali pa kazi atoe maelezo, mafunzo na usimamizi ili watu wasidhurike. Kumfungia mtu kioo si maelezo wala si mafunzo.

Mabwana wanajibu kwamba watu wakiruhusiwa kugusa mipango wataharibu mashini. Hasha! Wanachanganya mambo mawili. Ziko namba zitawalazo mwendo wa mashini, kama mipaka ya safari ya kisu. Hizo zifungwe, nasi hatuziombi. Lakini ukubwa wa mchoro haukisogezi kisu hata unywele mmoja. Kufunga yote kwa kufuli moja ni kama kumkataza dereva wa treni kupangusa kioo cha mbele kwa hofu kwamba ataifungua injini.

Wala tusidanganyane, picha si kila kitu. Mara nyingi mchoro ule wa kawaida hauijui chaki, wala haujui kama kipimo cha kisu kimeingizwa vibaya. Na fundi akichora huku mashini imefungwa isitembee, imempasa kuirudisha kwenye alama yake ya kuanzia kabla ya kukata, maana hesabu ya kioo na mahali kisu kilipo huenda zimeachana. Jambo hili peke yake laweza kumwumiza mtu. Kwa hiyo twataka namba, na pamoja nayo twataka mafunzo kwa zamu zote, si kwa wasimamizi tu.

Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1952 chuo cha MIT huko Marekani kilionyesha mashini iliyoendeshwa kwa utepe wa matundu, kwa fedha za jeshi la anga. David Noble aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1984 kwamba ilikuwako njia nyingine, ya kunasa mwendo wa mkono wa fundi hodari kwenye utepe, nayo ikaachwa, kwa sababu wakubwa walipenda ujuzi uhamie ofisini. Nasi hapa Nairobi si wageni: Numerical Machining Complex iliundwa mwaka 1994 na Shirika la Reli pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi.

Katika mapatano yajayo na matajiri tudai haya: namba ya mipango ya picha ibaki na zamu, muda wa kupanga picha uhesabiwe kuwa kazi, na asikatwe mtu kwa kosa la programu iliyotoka ofisini. Kila tawi liandike mashini zake, na nani anashika namba ya kila moja saa za usiku, limpelekee Katibu kabla ya mkutano.

Mwanachama, Karakana