Mitambo ya Kura ya Kenya na Kazi ya Kujaribu Kabla ya Kutumia

Serikali zote za eneo letu zimo katika pirikapirika ya kuzitoa kazi zao kwenye majalada na kuzitia katika kompyuta. Kodi, vitambulisho, hati za ardhi, mishahara ya watumishi na daftari la wapiga kura, vyote vinakabidhiwa programu ambazo mwananchi hazioni wala hawezi kuzishika. Hotuba za kuzindua mitambo hiyo tumezisikia nyingi, tepe zimekatwa na picha zimepigwa. Lakini ni mara chache mno tumemsikia mkuu wa idara akieleza mtambo wake ulijaribiwa kwa muda gani, na nani, mahali gani, na ulishindwa wapi kabla haujakabidhiwa umma. Swali hilo halina mvuto wa hotuba. Ndilo tunalotaka kulitazama leo, kwa kuifuata safari ya jirani zetu wa Kenya katika chaguzi kuu tatu: ule wa 2013, wa 2017 na wa 2022.

Tumeuchagua uchaguzi kwa sababu maalum. Katika ofisi ya kawaida programu mbovu hufichika: makarani huizoea, husahihisha kwa kalamu yale yaliyokosewa na kompyuta, na mwaka hupita. Siku ya kura haifichiki. Tarehe yake imewekwa na sheria, haisogezwi kwa kuwa fundi hajamaliza kazi, na taifa zima linatazama. Tena hasara yake si ya fedha tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha nchini Kenya, na tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini iliripoti mwaka 2008 kwamba kazi ya kujumlisha matokeo iliharibika kiasi cha kutowezekana kumjua mshindi wa haki. Tume hiyo ilishauri upatikane utaratibu madhubuti wa kupeleka na kujumlisha matokeo kwa mitambo. Hatukusudii hapa kuingia katika siasa za nani alistahili kushinda mwaka gani. Hayo mahakama za Kenya zimeyatolea hukumu. Sisi tunazungumzia mitambo.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, iliyoipa Kenya katiba mpya, wasimamizi wa vituo walituma matokeo ya awali kwa simu na kazi ikaenda vizuri. Vivyo hivyo katika chaguzi ndogo zilizofuata. Basi wengi wakaamini kwamba mtambo umekwisha jaribiwa. Hapo ndipo lilipoanzia kosa, maana kilichojaribiwa ni kitu kingine. Kura ya maoni ilikuwa na karatasi moja na majibu mawili, ndiyo au hapana. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa na karatasi sita kwa kila mpiga kura: ya Rais, ya Seneta, ya Gavana, ya Mbunge, ya Mwakilishi wa Wanawake na ya Mwakilishi wa Wadi. Karatasi sita, wagombea maelfu, vituo zaidi ya 30,000, na vyote hivyo usiku mmoja.

Yafaa tukumbuke kwamba kosa la namna hii halikuwapata Waafrika peke yao. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, na kabla ya dakika moja kutimia ikapasuka angani pamoja na setilaiti nne. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila lawama. Roketi mpya ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi. Tarakimu moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, na mtambo wa kuongoza ukazimika. Wachunguzi waligundua kwamba programu hiyo haikujaribiwa kwa mwendo halisi wa Ariane 5. Ilidhaniwa kwamba iliyofaa jana itafaa leo.

Turudi Nairobi. Zabuni ya vifaa vya kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole ilifutwa katikati ya mwaka 2012 baada ya mabishano, na Serikali ikalazimika kuingilia kati ili vifaa vipatikane. Uandikishaji ukabanwa katika siku 30, kutoka Novemba 19 hadi Desemba 18, na watu milioni 14.3 wakaandikishwa. Hilo lilikuwa jambo la kusifiwa. Lakini miezi iliyopotea katika mivutano ya zabuni haikurudi. Vifaa vya kuwatambua wapiga kura vituoni vilichelewa mno kufika. Siku ya kura, tarehe 4 Machi 2013, betri zilikwisha mapema katika shule zisizo na umeme, wasimamizi wengine hawakuyajua maneno ya siri ya kufungulia mashine, na kazi ikarudi kwenye daftari la karatasi. Usiku, matokeo yaliyokuwa yakitumwa kwa simu yalipungua, kisha yakakatika. Halafu likatokea jambo ambalo twaona linafaa kusomwa na kila mkuu wa idara: kura zilizokataliwa zilionekana kwenye skrini zimepita laki tatu, nchi nzima ikashangaa, na baadaye Mwenyekiti wa Tume akaeleza kwamba kosa la programu lilikuwa likiizidisha idadi hiyo mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa kura 108,975.

Tulitafakari kosa hilo la mara nane. Halihitaji mtaalamu wa ng'ambo kuligundua. Angepatikana karani mmoja, akapewa fomu kumi zenye hesabu anazozijua, akaziingiza na kutazama jumla inayotoka, lingeonekana kabla ya chakula cha mchana. Wenye fani huliita jaribio la mwanzo hadi mwisho, yaani kuifuata tarakimu moja kutoka mkononi mwa msimamizi wa kituo hadi kwenye skrini ya taifa. Kwa nini basi kosa likapita? Katika mpango wa kazi majaribio huwekwa mwisho, na kilichowekwa mwisho ndicho kinacholiwa na kila ucheleweshaji. Zabuni ikichelewa miezi mitatu, hakuna anayeisogeza tarehe ya uzinduzi. Hukatwa miezi mitatu ya majaribio. Mahakama ya Juu ya Kenya, ilipoyathibitisha matokeo tarehe 30 Machi 2013, haikusita kusema kwamba kushindwa kwa mitambo kulitokana hasa na kutoelewana na mabishano ndani ya Tume wakati wa ununuzi. Ugonjwa ulionekana katika kompyuta, lakini uliingilia katika chumba cha mikutano.

Mwaka 2017 yalifanyika mabadiliko makubwa. Sheria iliagiza mtambo mmoja wa kuandikisha, kutambua na kupeleka matokeo, na kanuni za teknolojia ya uchaguzi zikataka majaribio na ukaguzi. Hata hivyo, mabishano ya zabuni yalirudi, na mkataba wa vifaa ukatolewa mwezi Machi, miezi isiyotimia mitano kabla ya kura. Mwishoni mwa Julai meneja wa teknolojia wa Tume, marehemu Chris Msando, aliuawa; pengo lake lilikuwa zito kwa jamaa zake na kwa kazi yenyewe. Siku ya kura, Agosti 8, utambuzi wa wapiga kura ulikwenda vizuri kuliko mwaka 2013. Lililoharibika ni lile la matokeo. Siku chache tu kabla ya kura Tume ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa katika eneo lenye mtandao wa kutosha. Zaidi ya robo ya vituo! Na jambo kama hilo hujulikana kwa kumtuma mtu na simu yake huko kijijini mwaka mmoja kabla, akatazama kama inashika. Tarakimu zilipita kwenye skrini, lakini picha za fomu ambazo zingezithibitisha hazikufuatana nazo, na mshindi alipotangazwa fomu za maelfu ya vituo zilikuwa bado hazijaonekana. Mahakama ilipotaka mitambo mikuu ifunguliwe ikaguliwe, Tume haikutii kikamilifu. Tarehe 1 Septemba 2017 uchaguzi wa Rais ukabatilishwa.

Katika maandalizi ya mwaka 2022 tunaona kitu ambacho mafundi wetu hawakipendi sana: mtambo ulipunguziwa kazi. Msimamizi hakutakiwa tena kuandika tarakimu za kutumwa Nairobi. Alihesabu kura mbele ya mawakala, akajaza Fomu 34A kwa kalamu, akaipiga picha na kuituma. Fomu zote zikawekwa hadharani katika tovuti ya Tume, na yeyote aliyetaka akajumlisha mwenyewe. Kabla ya hapo Tume ilifanya mazoezi ya kutuma fomu kutoka sehemu mbalimbali za nchi, na kasoro zilizojitokeza zikaonekana na watu walioalikwa. Mahali pasipo na mtandao vilipelekwa vifaa vya setilaiti. Vituo vilikuwa 46,229, na katika muda wa siku mbili fomu za karibu vituo vyote zilikuwa zimeonekana. Pale mashine za kutambua zilipogoma, kama katika sehemu za Kakamega na Makueni, daftari lililochapishwa lilitumika. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, na kesi ikapelekwa tena Mahakama ya Juu. Lakini safari hii mitambo ilikaguliwa na matokeo yakathibitishwa tarehe 5 Septemba 2022.

Wako watakaosema kwamba picha ya karatasi ni kurudi nyuma. Sisi hatukubali. Programu iliyo rahisi kujaribiwa ni bora kuliko ile yenye madaha ambayo hakuna aliyeimaliza kuipima. Na lipo jambo la pili, ambalo twalihesabu kuwa kubwa zaidi: watumiaji wenyewe walipewa njia ya kuligundua kosa. Uingereza ilikosa hilo, na gharama yake inajulikana. Tangu mwaka 1999 posta ya nchi hiyo ilitumia mtambo wa hesabu uitwao Horizon. Wakuu wa posta ndogo walipolalamika kwamba mashine inaonyesha upungufu wa fedha ambazo hawakuzichukua, hawakusadikiwa. Waliopatikana na hatia walizidi 900, wengine wakafungwa. Mahakama ilitamka Desemba 2019 kwamba mtambo ulikuwa na makosa, na Bunge likatunga sheria ya kuzifuta hukumu mwaka 2024. Malalamiko ya karani ni jaribio la programu ambalo halina gharama, na shirika linaloyatupa huwa limeutupa ukaguzi wake lenyewe.

Katika nchi zetu wanaoandika masharti ya zabuni mara nyingi si wale watakaoketi mbele ya mashine. Karani wa mapokezi, mwalimu atakayesimamia kituo, ofisa wa kodi wa wilayani, hao huitwa siku ya mafunzo, wakati programu imekwisha kununuliwa. Tungependa kuona waitwe siku ya kwanza, waeleze kazi ilivyo, kisha waitwe tena kila sehemu inapokamilika, wapewe waiharibu wawezavyo. Tungependa pia mkataba utaje siku za majaribio kwa hesabu, na kwamba siku hizo zisipungue hata ikiwa mwenye zabuni amechelewa. Afadhali uzinduzi usogee. Na palipo na tarehe isiyosogea, kama ya uchaguzi, basi kipunguzwe kile mtambo unachotakiwa kufanya, kama walivyofanya Wakenya mwaka 2022.

Kenya yenyewe haijafika mwisho wa safari. Vifaa vingi vilivyonunuliwa mwaka 2017 vimechakaa, na uchaguzi mkuu unaofuata umepangwa Agosti 2027. Nafasi ya Mwenyekiti wa Tume ilikaa wazi tangu mwanzo wa mwaka 2023, na makamishna wapya waliapishwa Julai 2025, wakiwa wamebakiwa na miezi 25 ya kuamua, kununua, kufundisha na kujaribu. Mkataba wa 2017 ulitolewa zikiwa zimebaki miezi isiyotimia mitano.