Jicho Halina Badala

Ndugu wafanya kazi,

Mwishoni mwa Julai na mwanzo wa Agosti 2023, watu walipanga foleni ndefu hapa mjini, penye jumba la KICC, ili mashine ya Worldcoin ipige picha macho yao. Malipo yalikuwa sarafu za intaneti zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti Serikali ilisimamisha kazi hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru alama zilizochukuliwa zifutwe.

Wengine huwacheka waliokwenda. Mimi siwacheki. Mtu wa Kawangware au Kangemi anayedaiwa kodi ya nyumba haulizi mengi akionyeshwa shilingi 7,000. Njaa haisomi mkataba.

Lakini na tufikiri. Namba ya siri ya M-Pesa ikijulikana, utaibadilisha. Jicho utalibadilisha kwa lipi? Sisi wa reli hatutii sahihi karatasi ya kazi kabla ya kuisoma. Mbona katika simu twabonyeza “nakubali” upesi hivyo?

Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yampa kila mtu haki ya kuambiwa habari zake zatumiwa kwa kazi gani. Haki isiyotumiwa ni kama tikiti iliyosahauliwa nyumbani. Naomba matawi yetu yaisome sheria hiyo mikutanoni, kwa Kiswahili. Na tuzidi kudai mshahara wa kutosha, maana aliyeshiba hauzi jicho lake.

Mimi mwanachama,
Reli, Nairobi